Msimu wa uwindaji Haut-Katanga uanze na ulingo

Kila mwaka mvua zinapokatika Haut-Katanga, nyasi zikaanza kukauka na barabara za Kasenga, Mitwaba na Kilwa zikapitika tena, uwindaji hurudi porini kwa nguvu. Nao mjadala hurudi uleule. Kuna wanaotaka walinzi waongezwe na marufuku ikazwe, na kuna wanaosema mwanakijiji aachwe atafute kitoweo chake. Pande zote mbili hubishana juu ya tarehe: msimu ufunguliwe lini, ufungwe lini. Mimi naona swali lenye uzito zaidi limejificha nyuma ya tarehe hizo. Mwindaji amefanya nini majuma kadhaa kabla ya msimu kufunguliwa? Aliyekwenda porini mapema, akachagua mti, akajenga ulingo na kujifunza njia za wanyama, ni mwindaji wa namna moja. Aliyekusanya waya wa kutegea na kiberiti ni wa namna nyingine kabisa. Sisi tunawatia wote wawili kapu moja na kuwaita majangili, na hapo ndipo tunapopotea. Haut-Katanga inapaswa kuruhusu, waziwazi na kwa masharti, uwindaji wa kuotea kwa upinde juu ya ulingo ndani ya misitu ya vijiji, kwa kuwa maandalizi yanayodaiwa na uwindaji huo ndiyo yatakayotusaidia kuung'oa waya na kuuzima moto wa mwisho wa kiangazi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaoihukumu kutoka mjini hawajui inavyokwenda. Katika pori la miombo linaloizunguka Lubumbashi, mwindaji wa kuotea hamtafuti mnyama kwanza. Anatafuta sababu ya mnyama kupita. Sababu hiyo yaweza kuwa dambo, yaani bonde la nyasi, linaloshika maji hadi Agosti, mti wa mupundu unaoangusha matunda, au kichuguu kikubwa ambacho udongo wake una madini na wanyama huja kuulamba. Vichuguu vya huku ni vya ajabu: vingine hupita mita tano kwenda juu, na hekta moja yaweza kuwa navyo vitatu au zaidi. Chini ya vichuguu hivyo mwindaji husoma alama: kwato ndogo za nsya, yule swala mdogo, kinyesi kibichi, gome lililokwaruzwa na pembe za pongo. Kisha anapima upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa Katanga huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo ulingo huwekwa kaskazini-magharibi ya njia ili harufu ya mtu isifike puani mwa mnyama. Mita tatu au nne kutoka ardhini zinatosha. Fito hufungwa kwa kamba za gome la muombo, zisije zikalia mti unapoyumba. Matawi yanayoziba njia ya mshale hukatwa majuma kadhaa kabla, ili vidonda vya mti vikauke, harufu ya utomvu iishe na wanyama walizoee umbo jipya. Na kwa kuwa miti mingi ya miombo hupukutisha majani katikati ya kiangazi, ikachipua majani mapya mekundu Septemba kabla mvua hazijanyesha, mwenye ulingo husuka kiwambo cha nyasi cha kumficha wakati mti umebaki uchi. Akishapanda juu anajua kwamba mshale wake hauna uhakika kupita mita ishirini hivi, na kwamba lazima asubiri.

Kazi hiyo yote humfunga mtu na mahali, na hilo ndilo jambo lenye thamani kwetu. Mtu aliyetumia siku kadhaa kujenga ulingo juu ya mutondo hatakubali mti huo ukatwe kwa ajili ya makaa. Aliyesuka kiwambo cha nyasi hatawasha moto Septemba, kwa sababu moto huo utaanza na ulingo wake. Atachoma mapema, Mei au mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, tena kwa vipande, ili apate mahali palipo safi pa kuonea na kinga ya kuzuia moto wa wengine. Aliyekaa juu asubuhi na jioni kwa majuma mawili bila kutupa mshale amekwisha kuwajua wanyama wa pale karibu mmoja mmoja: anamjua jike mwenye ndama, anamjua dume mzee, anajua njia imepoa kwa sababu chui amepita. Mtu huyo akipiga, amechagua. Zaidi ya hayo, ulingo unaonekana. Chifu anaweza kuuona, mlinzi anaweza kuuhesabu, jirani anaweza kusema ni wa nani. Katika jimbo ambalo serikali haina walinzi wa kutosha hata ndani ya mbuga zake, uwindaji unaoonekana ni hatua kubwa kuliko marufuku isiyo na wa kuisimamia.

Waya haudai lolote katika hayo. Unapatikana kwa bei ndogo: kebo ya breki ya baiskeli, waya wa umeme uliokatwa mahali, nyuzi za chuma zilizochomolewa kwenye tairi lililochomwa. Kwa mchana mmoja mtu anatega mitego mingi kuliko awezavyo kuikumbuka, kisha anarudi nyumbani kulala. Waya hautofautishi dume na jike, nsya na palahala, kitoweo halali na mnyama ambaye wamebaki wachache nchini kote. Unakamata usiku, unakamata masika, unakamata baada ya msimu kufungwa, unakamata hata baada ya mwenyewe kuhama. Mnyama akikatika mguu akatoroka, hakuna aliyekula. Akifa mtegoni na mtegaji asije kwa siku tatu, nyama huoza palepale. Upotevu huu hauingii katika hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu mtegaji hayupo. Ulingo unamtaka mwindaji awepo wakati mnyama anakufa. Uwepo huo ndio sharti la kwanza la uwajibikaji, na hakuna sheria inayoweza kuuleta pale ambapo chombo chenyewe kimetengenezwa ili mtu asiwepo.

Moto nao una habari yake, na habari hiyo imechunguzwa karibu nasi sana. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola nchini Zambia, mtaalamu wa ikolojia C. G. Trapnell alifuatilia viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa katika miaka ya 1930 ili kupima athari za moto juu ya miombo. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake hatua kwa hatua hadi nyasi zikatawala. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa kabisa vilianza kujifunga kuelekea msitu mzito tunaouita muhulu. Sababu yake inaeleweka: Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kabisa, moto unakuwa mkali, nayo miti inakuwa ndiyo kwanza inatoa majani mapya, hivyo machipukizi yanaungua kabla hayajakomaa. Wawindaji si wachomaji pekee. Wakulima na wachoma makaa wamo. Lakini moto wa kufukuza ndezi na kuwatoa wanyama vichakani, au wa kuotesha majani mabichi ya kuwavuta, ni desturi ya uwindaji, na wanaoweza kuiacha ni wawindaji wenyewe. Wataiacha iwapo watakuwa na njia nyingine ya kuwinda ambayo moto huo unaiharibu. Na faida haiishii kwenye nyama. Viwavi tunaowala Katanga hulelewa na miti hiyohiyo, na mabundo yao hujificha ardhini kiangazi. Anayezuia moto wa mwisho wa mwaka analinda mboga ya nyumba nyingi ambazo hazijawahi kuona upinde.

Upande wa sheria, wengi hudhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inayosimamia uwindaji haikumwandikia mtalii wa bunduki peke yake. Inatambua aina kadhaa za vibali, na miongoni mwake kuna kibali cha uwindaji cha vijijini na kibali cha uwindaji cha pamoja. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile imeweka msingi mpya wa kulinda viumbe na maeneo ya hifadhi. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 22, inaipa jamii ya kijiji haki ya kuomba msitu wake yenyewe, na dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 imeeleza njia: jamii inaweza kukabidhiwa hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Vipande hivi vyote vipo. Vimekosa mkono wa kuviunganisha. Jimbo linaweza kutangaza kwamba kibali cha pamoja kitatolewa kwa kijiji chenye msitu wake uliotambuliwa, na kwamba kabla ya msimu kufunguliwa kamati ya kijiji ipeleke orodha: kila ulingo uko wapi, wa nani, na ni wanyama wa aina gani na wangapi wanaoruhusiwa kupigwa hapo. Orodha ikae kwa chifu, nakala ikae kwa ofisi ya mazingira ya wilaya. Kijiji kikikutwa na waya au kikichoma baada ya Juni, kibali cha mwaka unaofuata kinakwenda.

Mpango kama huu hauji kwa watu wetu kama mgeni. Masimulizi ya Waluba yanauanzisha ufalme wao kwa mwindaji: Mbidi Kiluwe, aliyekuja na upinde na adabu ya kifalme katika nchi ya mfalme Nkongolo, na ambaye mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyekuwa mtawala. Ndiyo maana vishikio vya mishale na pinde, vilivyochongwa kwa mti na kupambwa kwa sura ya mwanamke, vilikuwa alama za enzi zilizotunzwa kwa heshima kubwa, na leo vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Upande wa Lunda, Chibinda Ilunga aliyemwoa Lueji hukumbukwa vilevile kama mwindaji. Kwa Wandembu, jirani zetu wa kusini-magharibi, mwanaanthropolojia Victor Turner aliandika mwaka 1967 juu ya vyama vya wawindaji vyenye mafunzo, ngazi na miiko, kimoja cha wenye upinde na mitego, kingine cha wenye bunduki. Sitaki tuvirudishe vyama hivyo jinsi vilivyokuwa. Vilikuwa na siri zake na dhuluma zake, na hata mitego ilikuwamo, ingawa ya kamba na mti, inayooza ikisahauliwa. Ninachokitoa humo ni ushahidi mmoja: katika ukanda huu uwindaji ulikuwa kazi ya waliofundishwa na kukubaliwa na wenzao, na kijiji kilijua nani anawinda wapi. Mtego wa waya uliotegwa na mpita njia ndio mgeni.

Ushahidi wa sasa tunaupata Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, watu elfu moja na ushei, ambao hadi leo huwinda kwa upinde. Watafiti waliokaa nao katika miaka ya 1980 waliandika jinsi, mwishoni mwa kiangazi, wanaume wanavyojenga vificho vya matawi na mawe karibu na maji yaliyobaki na kukesha humo wakiwasubiri wanyama. Wanakaa chini badala ya juu ya mti, lakini kanuni ni ileile: jua mnyama atapita wapi, jiandae kabla, kaa, chagua. Mwaka 2011 sehemu ya jamii hiyo katika bonde la Yaeda ilipewa hati ya kimila ya ardhi yake, zaidi ya hekta 20,000, na tangu hapo misitu yake imekuwa ikiingiza fedha za hewa ya ukaa, sehemu ya fedha hizo ikilipa vijana wanaolinda eneo dhidi ya wavamizi wa mashamba na majangili. Wahadza ni wachache na nchi yao si kama yetu. Hatuwezi kunakili kila kitu. Lakini mfano wao unajibu dai kwamba haki ya kuwinda na wajibu wa kulinda haviwezi kukaa katika mikono ileile. Kule Yaeda anayewinda ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kulinda, kwa kuwa mahali ni pake kwa hati.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, na nauleta kwa sababu ya jambo moja tu, soko. Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamechinjwa hadi kubaki chini ya milioni moja, kwa kuwa nyama na ngozi zao zilipelekwa kwa treni kwenye masoko ya miji. Leo wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Katikati ya hali hizo mbili kuna sheria ya Lacey ya mwaka 1900, iliyopiga marufuku kusafirisha kati ya majimbo nyama iliyopatikana kinyume cha sheria. Kuna misimu na vibali vilivyosimamiwa na kila jimbo. Na kuna sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi, ambayo baadaye iligusa pinde na mishale, ili fedha zirudi kuhifadhi wanyama. Kuwinda kwenyewe hakukupigwa marufuku. Majimbo mengi huko huwatengea wenye upinde msimu wao kabla ya wenye bunduki, nao hutumia miezi ya kiangazi kutayarisha majukwaa yao mitini, kama ninavyowataka wa kwetu wafanye. Kilichokatwa ni mshipa uliounganisha pori na soko la mjini. Sisi tuna kazi hiyohiyo mbele yetu, tena ngumu zaidi, kwa sababu Lubumbashi ina zaidi ya watu milioni mbili na malori ya Kasenga na Mitwaba hayasimamishwi kwa urahisi.

Sasa niwajibu wanaopinga, na nianze na hoja nzito kuliko zote: kwamba wanyama wamekwisha, na kwamba kuruhusu hata mshale mmoja ni kumalizia waliobaki. Hofu hii ina msingi. Mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, ina punda milia wa mwisho wa nchi yetu. Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, imebaki na sehemu ndogo ya wanyama waliokuwa fahari yake. Na walinzi wamekufa wakizilinda. Ndani ya mbuga hizo msimamo wangu ni marufuku kamili, kama sheria inavyosema, na karibu nazo pawe na ukanda usio na kibali. Lakini nje ya mbuga marufuku tayari ipo kwa vitendo, maana wanakijiji karibu wote hawana kibali cha aina yoyote, na matokeo yake ni yale tunayoyaona: waya kila mahali na wanyama wakipungua. Nsya na pongo ni wanyama wanaozaa haraka, wanaovumilia kuishi karibu na mashamba, na wanaoweza kustahimili uwindaji wenye kipimo. Palahala, korongo na nzohe wasiguswe. Na pale ambapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiandamana na wazee wa kijiji, wataona kwamba hata nsya hawatoshi, idadi inayoruhusiwa iwe sifuri kwa miaka kadhaa. Ulingo hautapoteza maana hapo. Mtu anaweza kukaa juu yake akahesabu, na hesabu hiyo ndiyo tunayoikosa.

Hoja ya pili inasema kibali kitakuwa kivuli cha majangili: mtu atajionyesha na upinde mchana, usiku atabeba pupu yake, ile bunduki ya kienyeji, na kwa kuwa mshale haulii, mlinzi hatasikia kitu. Ni kweli mshale haulii. Lakini tusisahau bunduki zimeifanya nini Katanga. Eneo la Mitwaba, Pweto na Manono liliitwa pembetatu ya kifo kwa sababu silaha zilikuwa mikononi mwa watu wasiojulikana, na kila mlio wa pupu porini huko bado huwapa wanakijiji hofu isiyohusu nyama hata kidogo. Kijiji kinachowinda kwa upinde peke yake kinaweza kusema bila kubabaika kwamba mwenye bunduki aliyeonekana porini si wake. Hilo ni msaada kwa usalama kabla halijawa msaada kwa wanyama. Na kuhusu udanganyifu, mwenye ulingo ulioandikwa ana cha kupoteza, wakati jangili wa leo hana. Majirani zake nao wana cha kupoteza, kwa sababu kibali ni cha pamoja. Kosa la mmoja linawafungia wote msimu. Shinikizo la jirani hufika mahali ambapo gari la doria halifiki.

Hoja ya tatu ni ya tumbo. Upinde ni wa polepole, wanasema. Mwenye ulingo anaweza kukaa siku tano akarudi mikono mitupu, wakati mwenye waya amekwisha kupeleka mzigo barabarani. Nakubali kabisa, na nasema hapo ndipo palipo na nguvu ya pendekezo hili. Upinde unaweza kukipatia kijiji kitoweo. Hauwezi kulisha mji. Nyama ya pori iliyokaushwa inayofika kwenye masoko ya Lubumbashi haimlishi maskini wa mtaa wa Katuba au Kenya, ambaye chakula chake ni bukari (ugali) na dagaa. Inamfurahisha mwenye fedha anayetaka ladha. Hatuwezi kuliacha pori life kwa ajili ya ladha hiyo. Nyama ya ulingo iliwe kijijini, na kibali kiseme wazi kwamba haiuzwi nje ya eneo la chifu. Je, wanaoishi kwa biashara hiyo watakula nini? Swali ni la haki na halijibiwi kwa upinde. Linajibiwa kwa kuku, sungura na mbuzi wanaofugwa karibu na mji, kwa samaki wa Ziwa Mweru wanaofika kutoka Kasenga, Kilwa na Pweto, na kwa asali ya miombo ambayo mzinga wake, kama ulingo, hukaa juu ya mti na kumtaka mwenyewe aulinde dhidi ya moto. Lakini hata shughuli hizo hazitashamiri ikiwa pori litaendelea kuungua kila Oktoba.

Wapo pia wanaohofia mateso ya mnyama na hatari kwa mwindaji, na hoja yao nisiipite. Mshale uliotupwa ovyo hujeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa akatoroka amepotea kwetu sote. Dawa yake ni maandalizi. Kijiji kiweke shabaha, na asiyeweza kuipiga mara kwa mara kutoka umbali wa ulingo wake asipewe nafasi. Mishale iwe na chembe zilizonolewa na isiwe na sumu. Na aliyejeruhi afuate damu hadi mwisho, na mnyama huyo ahesabiwe katika idadi yake hata asipopatikana. Kwa upande wa mtu, kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha kwa wawindaji wa Marekani wanaotumia majukwaa ya mitini, na sisi hatuna hospitali karibu na dambo. Fito zikaguliwe kila mwaka, zilizoliwa na mchwa zibadilishwe, upinde upandishwe kwa kamba baada ya mtu kukaa, na mwenyewe ajifunge kiunoni kwenye shina. Tukilinganisha mateso, tulinganishe kwa haki: mshale mmoja wa karibu, mbele ya macho ya aliyeutupa, na waya unaokaza shingoni usiku kucha bila shahidi.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinaweza kuanza kabla ya kiangazi kijacho. Gavana na ofisi ya mazingira ya jimbo wachague vijiji vichache katika wilaya za Kasenga, Kambove na Sakania ambavyo vimekwisha kuomba au kupata misitu yao. Machifu waitishe wawindaji hadharani, wenye waya wausalimishe bila kushtakiwa, na wanaotaka kuendelea waandikwe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kitume wanafunzi wake wa kilimo na misitu kuhesabu nyayo na kinyesi kabla na baada ya kila msimu, ili baada ya miaka mitatu tubishane kwa takwimu zetu wenyewe. Idara zinazokagua barabara ziache kumwandama bibi mwenye kipande kimoja kapuni na zikague malori. Nasi wakazi wa Lubumbashi tuache kununua, kwa sababu kila kipande tunachokitia mezani kimelipia waya mwingine. Kisha tarehe ya kufungua msimu itangazwe kwa sharti jipya: kijiji ambacho hakijaonyesha ulingo wake, jina la aliyeujenga na mnyama anayemsubiri, msimu wake haujafunguliwa.